Mluzi wa Mikono Miwili

Jumapili, 9 Desemba

Nina miaka sabini na tisa. Nimemzika mke wangu Eulalia. Nimemwona dikteta akija, nimemwona akiondoka, na majenerali wake nyuma yake. Vimbunga vimepita hapa nimesahau hata majina yake. Kiwanda cha sukari kilichomleta babangu mji huu wa Macorís kutoka kisiwani kwao kimefungwa, kimeota nyasi. Wadakaji wanne wa besiboli walioapa kunikata miguu wako kaburini. Miguu ninayo.

Kuandika sijui sana. Herufi nilijifunza uwanjani, kwenye ubao wa matokeo. Jina langu nililijua vizuri siku walipolipaka rangi ukutani, upande wa kushoto wa uwanja: T. HODGE, na chini yake 31. Ndizo besi, vile vituo vya kukimbilia, nilizoiba msimu mmoja nikiwa na timu ya Kaa. Hakuna Kaa mwingine aliyefika hapo. Walikuja vijana na viatu vya kung'aa na makocha wa mbio. Wakafika ishirini, pumzi zikaisha.

Mimi ni mwizi, naandika bila aibu. Unasimama besi ya kwanza, mrushaji ameshika mpira, anakutazama, unamtazama. Unajisogeza ubavu ubavu kama kaa mwenyewe. Akiinua mguu kumrushia mpigaji — umeondoka. Mdakaji akiudaka na kuutupa besi ya pili, wewe umeshafika, unajipangusa vumbi. Na watu wamesimama wanapiga kelele, Mwizi! Mwizi! Kwingine neno hilo humletea mtu mawe. Mimi lilinipa makofi na mke.

Sasa kwa nini naandika. Kwa sababu nikisema watanicheka. Leo asubuhi nimemwona mjukuu wangu Deuris akivaa soksi amekaa.

Deuris tangu mtoto huvaa soksi amesimama kwa mguu mmoja, kama korongo. Eulalia alikuwa akimgombeza kwamba ataanguka. Hakuanguka hata siku moja. Leo alikaa kitandani, akauvuta mguu wa kushoto kwa mikono miwili kana kwamba ni wa mtu mwingine, akaivalia hapo. Hakujua nimesimama mlangoni.

Amebakiza besi mbili anifikie. Na msimu unaishia Jumapili ijayo.



Jumatatu, 10 Desemba

Hakuna mechi. Nimemwangalia. Ngazi ya uani ameishuka upande upande, akiongoza mguu wa kulia. Nikamuuliza, vipi. Akasema, shwari, Babu. Shwari yake ilikuwa fupi mno.

Nimemkumbuka Chichí Mateo. Tulicheza pamoja. Mbio zake zilikuwa kama zangu, kasoro kidogo. Siku hiyo alikuwa anaikimbilia besi ya pili, hakuna aliyemgusa, tukasikia mlio kama mkanda wa mashine ya kiwandani unapokatika. Msuli wa nyuma ya paja. Mpaka anakufa Chichí aliuza tiketi za bahati nasibu pale sokoni, ameketi. Na wiki ile kabla hajakatika alikuwa na mtindo mpya: akifika besi ya kwanza anaipiga kwa ncha ya kiatu cha mguu ule, taratibu, kama anayebisha hodi. Sote tulidhani ni madoido.

Mimi ndiye niliyemfundisha Deuris kukimbia, hapa hapa uani, kwa mluzi. Mluzi wangu ni wa mikono miwili, kidole cha huku na kidole cha huku, ulimi umekunjwa. Unasikika mpaka ng'ambo ya mto. Meno ya mbele ninayo yote, ndiyo maana. Mmoja mrefu: nenda. Mifupi miwili: rudi. Kabla hajajua kusoma alijua hiyo.

Jumatano, 12 Desemba

Jana ameiba moja. Amebakiza moja anifikie. Watu wakaruka. Mimi sikuruka. Kabla ya kujisogeza aliipiga besi kwa ncha ya kiatu. Cha kushoto. Kama anayebisha hodi.

Leo nimemwambia wakati anakula ndizi zake za kuponda. Nimesema, "Deuris, paja lako linakatika."

"Nani kakwambia?"

"Soksi."

Akaacha kutafuna. Nikadhani amenielewa. Kumbe alikuwa anatafuta la kunijibu. "Babu," akasema, "wewe unaogopa ukuta wako."

Nilimlea mimi. Mamake, binti yangu Nurys, yuko New York anaosha wazee wa watu. Babake hakutaka kumwandikisha, ndiyo maana kijana ni Hodge kama mimi. Mwezi wa nne anatakiwa Mexico, timu ya huko imeshamwita. Ana miaka ishirini na saba, hajui kazi nyingine wala hana kingine. Akiwa na paja ana Mexico. Bila paja ana kiti cha Chichí pale sokoni.

Nikamwambia hayo. Akasema Mexico wanataka mtu mwenye jina, na jina liko besi moja tu mbele ya langu. Akainuka, akapeleka sahani jikoni. Alitembea vizuri. Alijua namtazama.

Nimelala mchana, nimeamka na jasho. Na kama ni kweli naogopa ukuta? Jicho langu limeona mguu, au limeona T. HODGE ikifutwa likatafuta mguu wa kusingizia? Nimejiuliza mara nyingi mpaka sijui tena nilichoona.

Hapana. Niliona. Jicho hili liliwasoma warushaji waliokuwa wakificha mpira hata kwa mama zao.

Alhamisi, 13 Desemba

Nimemkokota kwa mkandaji, Doña Chea. Amekubali kwa shingo upande, ili ninyamaze.

Chea akambonyeza paja, akafumba macho, akasema: kamba imepanda juu ya kamba. Hapa kwetu kila maumivu ni kamba imepanda. Shingo, mgongo, hata ndoa. Akapaka mafuta ya nyoka na mentoli, akavuta, akasukuma. Deuris akang'ata taulo.

Nikasema haijapanda hiyo, inafumuka.

"Teófilo, wewe ulikuwa mwizi, hukuwa mkandaji," Chea akasema. "Kaa nje."

Nikakaa nje, na kuku.

Alipotoka aliruka uani mara kadhaa kama mbuzi. Unaona, Babu? Hauumi kabisa. Chea amesimama mlangoni anajifuta mikono, ananitazama kama aliyeshinda kesi.

Hauumi kabisa! Sasa ndipo nimeogopa barabara. Mguu unaouma unamzuia mtu. Huu umenyamazishwa.

Ijumaa, 14 Desemba

Amenifikia jana. Tuko sawa. Redio ilipasuka kwa kelele, majirani wakapiga masufuria, wakaja kunikumbatia mlangoni kwangu kama kwenye msiba. Nikawaambia ni damu yangu ile, ingekuwa ajabu asinifikie. Nilisema kwa sauti kubwa. 

Leo nimekwenda uwanjani kumwona kocha Ureña. Nikamweleza: soksi, ngazi, ncha ya kiatu. Akanisikiliza ameinamisha kichwa, kwa heshima, kama anavyosikilizwa padri. Halafu akasema, "Don Teo, kila mwenye rekodi ikikaribia kuvunjwa hugeuka daktari." Nikamwambia ampumzishe Jumapili. Akasema nikauambie hivyo mji mzima, yeye anapenda kuishi.

Wakati natoka nikamkuta Quiterio, fundi rangi, juu ya ngazi, mbele ya jina langu. Ana kipimio mkononi.

"Kazi yenyewe ndogo, Don Teo," akaniambia kutoka juu. "T naigeuza D. Moja naigeuza mbili. Hodge inabaki ilivyo. Hata kopo haliishi."

Nikamwambia asiiguse T yangu mpaka kijana afike.

"Sijaigusa, mzee. Naipima tu."

Herufi moja. Nimetembea mpaka nyumbani nikiiandika hewani kwa kidole. T. D. T. D. Wala si mbaya hiyo D. Ina kitambi kidogo, basi. Mungu ni shahidi wangu, nilitaka kuipenda.

Jumamosi, 15 Desemba

Nimecheza dhumna nje ya duka la pembeni. Bolo kinyozi alikuwepo. Huyu tangu zamani ananichukia kwa sababu nilimwibia nduguye mdakaji besi tatu mbele ya mchumba wake. Leo ameninunia kwa tabasamu.

"Kiberiti," akasema, ndilo jina langu la uwanjani, "nasikia mjukuu anaumwa."

"Anaumwa."

"Ugonjwa wenyewe naujua. Unaitwa thelathini na mbili. Anaugua mjukuu, homa anapata babu."

Wakacheka mpaka muuza duka. Nikamwambia yeye maishani hajaiba hata usingizi wa mchana. Wakacheka na hiyo pia, lakini kidogo.

Halafu nikafanya kitu ambacho sijafanya tangu nizaliwe. Zamu yangu ilifika, nikasema napita. Nikapita na jiwe la kucheza mkononi! Mwenzangu alipoliona mwishoni aliinuka bila kusema neno. Bolo hakunitania. Alinitazama kwa huruma, na hiyo ndiyo iliyonitia baridi.

Jumapili, 16 Desemba

 

Mechi ya mwisho, na timu ya Nyundo ya mji mkuu. Uwanja ulijaa mpaka kwenye ngazi. Tarumbeta, ngoma, masufuria. Nilikaa mahali pangu, karibu na besi ya kwanza. Kushoto kwangu Doña Fermina na beseni lake la yaniqueque za moto. Anakaanga unga huo na kuuza hapo tangu nilipokuwa nacheza. Nyuma yangu Bolo, amekuja makusudi kuniona nikifutwa.

"Kula, Kiberiti," Fermina akasema. "Unatoka jasho kama mwenye njaa."

Nikamwambia, "Fermina, tazama mguu wake wa kushoto. Ule mguu unakatika leo."

"Ushaanza."

Lakini alitazama. Naandika hapa ili nisije nikasahau: alitazama, na nilisema kabla.

Jua lilikuwa linazama Deuris alipoupiga mpira katikati ya walinzi wawili, akafika besi ya kwanza. Watu wote wima. Mwizi! Mwizi! Nywele zilinisimama, maana nilidhani wananiita mimi. Akaipiga besi kwa ncha ya kiatu. Akaipiga tena. Halafu akaukunja mguu nyuma kidogo, akautikisa, kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Hivyo hivyo Chichí. Hivyo hivyo! Akajisogeza. Mrushaji akainua mguu. Deuris akaondoka.

Mikono ilikuwa mdomoni. Sikuituma mimi. Mifupi miwili.

Tarumbeta zote zile, na aliusikia. Alikuwa ameshakimbia kipande kizuri, akageuka palepale, akajirusha kwa tumbo, akaikumbatia besi ya kwanza. Na mpira ulikuwa umemponyoka mdakaji! Unabingirika kwenye majani. Njia ilikuwa wazi. Angefika anatembea.

 Halafu vichwa vikaanza kugeuka, kimoja kimoja, kutafuta mluzi ulikotoka.

Bolo akasema nyuma yangu, polepole, kama anayesoma tangazo: "Ni huyu hapa. Babu mtu."

Mmoja akaanza. Mwizi! Wakafuata wengine, upande wetu, upande wa pili, uwanja mzima. Neno lile lile. Nimelibeba miaka yote hii kama medali na leo nikaona upande wake wa nyuma. Glasi ya barafu ilinipata begani. Deuris alikuwa amesimama besi ya kwanza ana vumbi kifuani, ananitazama. Uso wake sikuweza kuusoma. Mimi, niliyewasoma wote.

Ndipo umeme ukakatika. Taa zote. Jenereta ikakohoa, ikanyamaza. Gizani sauti ziliendelea, sasa bila nyuso. Fermina alinishika shati akanitoa kwa mlango wa wauza vyakula, beseni kichwani, akisema pisheni, mafuta ya moto, pisheni. Mafuta yalikuwa yamepoa zamani.

Waamuzi wamesema mechi itaendelea kesho saa kumi alasiri, pale pale ilipokatikia. Mrushaji yule yule. Deuris besi ya kwanza.

Hakurudi kulala hapa. Sijui paja lake limelala wapi, wala kama limefunikwa. Paja lililopoa ndilo linalokatika.

Jumatatu, 17 Desemba

Alikuja asubuhi. Hakuja na hasira, nikaogopa zaidi. Akakaa, akanywa kahawa. Nje mtu alipita akapiga mluzi mifupi miwili, wenzake wakacheka. Deuris akafunga dirisha.

"Kwa nini, Babu?"

"Paja."

"Au ukuta?"

Nikataka kusema paja tena. Ulimi ukakataa kwenda peke yake. Nikasema, "Sijui vyote viwili vinaishia wapi. Lakini mguu niliuona."

Akatikisa kichwa, kama nimempa kitu hakukitarajia. Akavua kiatu cha kushoto na soksi. Akasimama katikati ya jiko kwa mguu wa kulia, akauinua wa kushoto, akaivaa soksi amesimama. Kama korongo. Iliingia mpaka juu.

"Umeona?"

"Nimeona umeshika meza."

"Meza ilikuwa njiani tu."

"Njiani kuelekea wapi?"

Akacheka. Mimi nikacheka. Ilikuwa mbaya kuliko kulia.

Halafu akaniambia jambo lililonimaliza. Alisema jana aliusikia mluzi akarudi kabla hajajua kwamba anarudi. Alisema hasira ilimkaa mpaka alfajiri, kisha ikamwisha, maana aligundua hakuwa na uhakika na mguu hata yeye, na alifurahi kidogo kuitwa. "Kidogo tu, Babu, usijisifu." Kwa hiyo leo atasimama besi ya kwanza na kunisikiliza. Mmoja mrefu, anakwenda. Nisipopiga, habanduki.

"Mguu ni wako," nikamwambia.

"Ulinifunza wewe kuutumia. Wewe umesema unaujua. Basi sema."

"Nikinyamaza watanichoma na nyumba."

"Ukipiga mluzi na mguu ukakatika?"

 Akavaa kiatu, akanibusu kichwani, akaomba baraka yangu kama alivyokuwa akiomba akiwa mdogo. Nikambariki. Ngazi ya uani aliishuka — nilijilazimisha nisitazame.

Naandika sasa nikiwa uwanjani. Nimekuja na daftari kwa sababu nyumbani kuta zilikuwa zinanisogelea. Watu wamejaa tena. Nilipoingia wamenipisha, si kwa heshima. Hakuna aliyenirushia kitu. Wanasubiri.

Jua kali. Hilo jema, joto ni zuri kwa paja. Amekuwa akijinyoosha kule pembeni muda mrefu, nimetazama mpaka macho yanatoa machozi. Kuna wakati naona anauvuta mguu. Kuna wakati naona kijana mzima ambaye babu yake mwenye wivu anamwekea kilema. Mguu mmoja, macho yale yale mawili.

Nikinyamaza, T inabaki ukutani, na Mexico labda inabaki pia. Lakini kama paja ni zima, nitakuwa nimepita na jiwe mkononi, mbele ya mji mzima, na jiwe lenyewe ni mjukuu wangu. Nikipiga — Chichí. Ule mlio. Nausikia tangu asubuhi, kila mlango unaofungwa.

Quiterio yuko kule ukutani, ngazi imeshasimamishwa, kopo moja miguuni. Amenipungia mkono. Sikumpungia.

Fermina amenipa kikombe cha maji. Amesema, "Mdomo mkavu haupigi mluzi." Nikamuuliza yeye anaona nini kwenye ule mguu. Akatazama muda mrefu, akasema anaona vumbi. Nimekunywa. Mdomo bado mkavu.

Mwamuzi amefunga kinga yake ya uso. Mrushaji amepanda kichuguu chake. Deuris anatembea kwenda besi ya kwanza, taratibu, watu wamenyamaza mpaka nasikia viatu vyake kwenye changarawe. Amefika. Kiatu cha kushoto kiko karibu na besi. Hajaipiga. Hajaipiga bado. Ananitazama mimi.

Kalamu naiweka chini, mikono yote miwili inatakiwa. Kama nilipiga au sikupiga, na uso wangu ulikuwaje, muulizeni Doña Fermina, yuko kushoto kwangu, anavijua hata vidole vyangu. Na Bolo yuko nyuma yangu. Huyo hanipendi, kwa hiyo aaminiwe yeye.